Kabla Hujavaa Gwanda la Kijani

Shivachi mwanangu,

Nusu ya watoto wa mtaa wa Amalemba ni kazi yangu. Usikunje uso, mama yako anajua, na hajawahi kuninyima obusuma, ugali wetu, kwa sababu hiyo. Nasema ni kazi yangu kwa kuwa mukombero waliotafuna baba zao ulitoka kwenye kikapu changu. Wewe unaujua mzizi ule unavyonukia na unavyosifiwa kumwamsha mwanamume aliyelala. Kuna mwalimu pale mjini aliyekaa kwenye ndoa miaka na miaka bila mtoto. Akanunua kwangu, akatafuna, leo ana mapacha, na tukikutana sokoni anavuka barabara kwa haya. Serikali ikihesabu watu ingefaa inipigie saluti. Basi ujue anayekuandikia ni nani: mchimba mizizi, shule aliiachia darasa la sita, lakini mji mzima unazaa kwa jembe lake.

Kesho unaondoka. Mama yako amekwisha kukuambia habari ya blanketi na sabuni na kutolala na soksi mbichi, na dada zako wamekufungia karanga za kulisha chuo kizima. Hayo mimi sina. Mimi nataka kukuambia habari ya hilo gwanda la kijani unaloenda kulivaa, maana nalijua kuliko wote watakaokufundisha. Wao wamelivaa. Mimi nimelikimbia.

Cheka tu. Mtoto wa mchimba mizizi anakwenda chuo cha misitu! Juzi nilipita pale dukani nikawaambia wale wazee wa bao, "Mkitaka kuni siku zijazo, mtaanza kwa kumwamkia mwanangu." Mmoja akanijibu, "Basi atakayekamatwa wa kwanza ni wewe." Nikamwambia, "Akinikamata mimi atakuwa amemkamata mwalimu wake." Wakacheka, lakini niliona wamenyooka kidogo kwenye viti vyao. Hakuna mtoto wa kwetu aliyewahi kuitwa kwenye chuo hicho. Wewe ndiwe wa kwanza, na mimi ndimi baba wa wa kwanza, na nitatembea nalo hilo mpaka watu wanikimbie.

Sasa sikiliza.

Unajua ninavyochimba. Unaufuata mmea unapotambaa mpaka kwenye shina, unafukua kando kwa kijiti, unakata mizizi ya pembeni na kuuacha ule mkubwa tunaouita mama, kisha unaufunika udongo kama unavyomfunika mtoto shuka. Hayo hatukufundishwa na ofisi yoyote. Babu zetu waliishi pale penye uwazi wa nyasi katikati ya miti kabla mtu yeyote hajaupaka mti rangi. Halafu yakaletwa mawe ya mpaka. Tulilala wenyeji tukaamka wavamizi, na hakuna aliyekuwa amehamisha kitanda.

Toka hapo tukaishi kwa kuvizia. Wengine wakimwona askari wa msitu walikimbia. Mimi sikukimbia kila mara. Mimi nilikuwa bingwa wa kuomba. Akinikuta na kikapu, napiga magoti, naanza:

"Mkubwa, baba, simba wa msitu! Ukinifunga mimi, mke wako ndiye atakayekulaumu."

"Kwa nini anilaumu?"

"Si huu mzizi nilikuwa nakuletea wewe?"

Askari anacheka mpaka anashika mti. Anachukua fungu lake, ananiambia nipotee. Nikifika nyumbani nawasimulia wenzangu nikiigiza sauti zote mbili, nao wanajishika mbavu, nami najiona mjanja kumshinda sungura. Ilinichukua miaka kuelewa nilichokuwa nikifanya. Anayekuachilia leo kwa kuwa umemchekesha, kesho akiwa na hasira atakufunga, na wewe uliyepiga magoti umeshamwambia kwamba anayo haki ya kufanya yote mawili. Mimi nilidhani namchezea askari. Kumbe nilikuwa nawafundisha watoto wangu mahali pa kuweka magoti.

Hilo lilikuwa kosa la kwanza. La pili lilikuwa na soda.

Vyama vingi vilipokuja na watu wakaanza kukutana bila kumtetemekea chifu, wakaja wageni wa mradi wa kuhifadhi msitu. Walikuja kwa magari mawili meupe, wakatukusanya kwenye uwanja wa shule, wakatugawia soda na mablanketi. Mmoja akazungumza Kizungu muda mrefu sana, akionyesha ramani, akionyesha miti, akitikisa kichwa kwa huzuni. Akamaliza. Mkalimani akasimama akasema, "Anasema msitu ni mzuri." Basi. Hayo ndiyo tuliyoambiwa.

Kwetu mgeni akileta kitu haondoki bila shukrani. Lazima mtu asimame, na anayesimama hashukuru kwa kipimo cha kilicholetwa. Ukiletewa chumvi unashukuru kama umeletewa ng'ombe. Sasa kama kuna shukrani, nani asimame kama si mimi? Nikavaa blanketi begani kama askofu, nikasema, "Wageni wetu, mmekuja kama mvua. Nyumba zetu ni nyumba zenu, kuku wetu ni kuku wenu, na msitu wetu ni msitu wenu." Mkalimani, ambaye kwa Kizungu cha mgeni alikuwa bahili, kwa maneno yangu akawa mkarimu. Alitafsiri yote. Wakapiga makofi, wakanipiga picha. Nilirudi nyumbani nikiwa nimevimba kama andazi.

Baada ya muda ikaja rangi nyekundu. Ilipakwa kwenye miti, ikapakwa kwenye milango yetu. Tuhame. Pale tunapowaweka vijana wakiingia jandoni pafungwe. Njia ya mizizi ifungwe, majani ya kuezekea yafungwe. Tulipokwenda kuuliza ofisini tukajibiwa kwa upole kabisa, "Lakini jamii iliulizwa, na jamii ilikubali. Kiongozi wenu mwenyewe alisema msitu ni wetu."

Kiongozi! Nilipita njiani watu wakaniamkia kwa kejeli, "Kiongozi, mulembe." Jirani yetu mmoja akaja na blanketi lake akalitupa mlangoni petu. "Chukua, ongezea kwenye lako. Wewe ndiwe uliyelinunua, kwa nyumba yangu." Sikuwa na mzaha wa kumjibu. Weka hilo akilini, baba: siku baba yako alipokosa mzaha.

Nikachukua kikapu nikaenda zangu sokoni, maana njaa haijui aibu. Nilikuwa na mteja, wakili kijana aliyepanga Amalemba, msichana mwembamba anayeitwa Nasimiyu. Alikuwa akinunua mukombero kwa ajili ya tumbo, alisema, nami sikubishana. Siku hiyo aliniona nimenyamaza akadhani naumwa. Nikamweleza. Nilipofika kwenye mablanketi akanikatiza.

"Mliulizwa?"

"Tulipewa soda."

"Sijauliza mlikunywa nini, mzee. Mliulizwa?"

"Hapana."

"Mliambiwa kwa lugha yenu ni nini kitafungwa na nani atahama?"

"Tuliambiwa msitu ni mzuri."

Hakucheka. Mtu asiponicheka huwa nashangaa. Nikaingia kwenye kazi yangu, nikamwambia, "Sasa wakili, wewe una Kizungu, twende ukatuombee kwa huyo mkubwa. Mimi nitapiga magoti, wewe utatafsiri." Akaweka mzizi chini.

"Sikiliza, baba. Ukienda kuomba, akikunyima hajakukosea. Nani amekosewa kwa kunyimwa zawadi? Nyinyi mlikuwa msituni kabla yao. Mna haki ya kuulizwa kabla, si baada. Mna haki ya kuelezwa yote, kwa maneno mnayoyaelewa, na mna haki ya kusema hapana na mkabaki watu. Na yule ofisini hakukaa pale kwa hisani. Ana wajibu. Mwenye wajibu haombwi. Anaulizwa, na anajibu."

"Na asipojibu?"

"Unamuuliza tena, mbele ya watu wengi zaidi."

Mwanangu, mimi nimeuza maneno maisha yangu yote, lakini hayo niliyanunua. Nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Tulifanya kama alivyosema. Tuliwaita wao, safari hii hatukuitwa. Tuliwaita kwetu, penye nyasi, na tukasema mazungumzo yatakuwa kwa lugha yetu, mkalimani atakuwa wetu, na hakuna kizibo cha soda kitakachofunguliwa kabla neno halijaisha. Wakili akataka akina mama wakae mbele. Wazee wakaguna, wakasogea. Kukhu wako, mama yangu mimi, alikaa katikati kabisa na fimbo yake, akasema habari ya kuni na ya majani ya kuezekea bila kupepesa, mpaka mkalimani akawa anatokwa na jasho kumfuata.

Afisa mkuu wa misitu alikuja mwenyewe. Tulimwita Kofia kwa sababu hakuna aliyewahi kuona kichwa chake. Akasimama, akasema kwamba anasikitika, lakini jamii ilikwisha kukubali. Watu wote wakageuka kunitazama mimi. Nilihisi magoti yangu yanaanza kukunjika yenyewe, kwa mazoea. Nikayaambia, tulieni.

"Mkubwa," nikasema, "nani alikuambia tumekubali?"

"Wewe mwenyewe. Ulisimama ukashukuru."

"Nilishukuru kwa soda. Nilisema pia kuku wetu ni kuku wenu. Mbona hamkuja kuchukua kuku?"

Watu wakalipuka. Hata dereva wake alicheka, akageuza uso. Mimi sikucheka, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuchekesha watu bila kuomba kitu. Nikauliza tena: "Kabla ya rangi, nani alikuja akatueleza kwa lugha hii ninayosema sasa kwamba tutahama?" Akaivuta kofia yake chini. Jirani yule wa blanketi akapaza sauti kutoka nyuma, "Jibu, mkubwa! Hatukuombi, tunauliza!" Na wengine wakaipokea: tunauliza, tunauliza.

Ndipo akavua kofia. Kumbe kipara! Kinang'aa kama sufuria mpya. Lakini nitakuambia kitu kuhusu mtu yule, na ukiwa kwenye gwanda ukikumbuke: hakukasirika. Alikaa kwenye nyasi, akafikiri, akasema, "Hamkuulizwa. Hilo ni kweli. Na mimi sikuhakikisha." Kisha akasema tutembee msitu mzima pamoja, yeye na sisi, mti kwa mti, tukubaliane palipo wazi na palipofungwa, na rangi itafutwa milangoni.

Tulitembea. Wallahi, kama wanavyosema jamaa zangu wa Mumias, tulitembea mpaka wasaidizi wake wakavua viatu. Pa jandoni pakabaki petu. Nyumba zikabaki. Njia ya mizizi ikabaki, na mti wa kuchonga ngoma zetu za isukuti tukaruhusiwa kukata kwa zamu. Na mimi, nikiwa sasa nimeonja utamu, nikauliza la mwisho: "Na walinzi wa msitu huu mnawatoa wapi? Mbona hamjawahi kumchukua anayeujua?" Kofia akaandika. Wewe ndiwe jibu la swali hilo, Shivachi. Hukupewa chuo. Tuliuliza, nawe ukapatikana.

Tuliporudi, ngoma zilitupokea mbali kabisa. Walinibeba. Mimi, mtu wa kupiga magoti, nilikuwa juu ya mabega ya watu, naona mapaa yote ya kwetu kutoka juu, na jirani yule alikuwa mmoja wa walionibeba na blanketi lake limerudi begani kwake. Kama nimewahi kuwa mrefu, nilikuwa mrefu siku hiyo. Mtu asikudanganye kwamba sifa si tamu. Ni tamu. Ukipewa, zitafune.

Sasa wewe utavaa lile gwanda, na siku moja utamkuta mtu na kikapu. Atapiga magoti. Atakuita simba. Huenda akawa mcheshi, ingawa hawezi kunifikia. Usicheke haraka. Mwinue kwanza, maana mtu akiwa chini utapenda mwenyewe abaki hapo, hata kama wewe ni mtoto mzuri. Kisha muulize kwa lugha yake anachimba nini na anachimbaje. Akiwa ameacha mama ardhini, huyo ni mwenzako wa kazi. Akiwa ameng'oa, mkamate, hata kama ni binamu yako. Kuwa wenyeji hakutupi ruhusa ya kuwa wapumbavu. Sheria watakufundisha na utaijua kuliko mimi. Usiogope kuijua. Ila usiwe kama yule mkalimani, mwenye maneno mengi upande mmoja na machache upande mwingine.

Na ukiitisha mkutano, hesabu kwa macho wasiokuwepo. Hapo ndipo ningependa kuishia, mwanangu, lakini siwezi, kwa sababu kuna jambo katika ushindi ule ambalo sijakuambia. Watu wakisimulia ile safari ya mti kwa mti hulipita, nami huwaacha walipite.

Tulianzia pa jandoni. Wewe umepita pale, unajua: mwanamke hakanyagi. Basi akina mama wakabaki nyumbani, na hakuna aliyeona ajabu, si wazee, si mimi. Wakili mwenyewe alisimama kwenye njia akasema, "Anzeni mahali pengine ili nao waende." Nikamwambia, "Binti, hii ni mila, na mila pia ni haki, umetufundisha wewe." Nilifurahi sana kumshinda kwa maneno yake. Tukaenda wanaume watupu. Tulipofika kwenye lile bonde dogo la kijito, penye miti minene na mawe mawe, Kofia akauliza, "Na hapa?" Walihitaji mahali pa kufunga kabisa pasikanyagwe na mtu, ili nao wasirudi mikono mitupu. Wenzangu wakanitazama. Mimi hapo sijawahi kuchimba kitu. Nikasema, "Hapa ni magugu tu. Chukueni." Nilisema kwa ukarimu, kama mtu anayemkatia mgeni nyama.

Nilipoteremshwa mabegani jioni ile, Kukhu wako aliniuliza tumepita wapi. Nikamhesabia kwa majivuno. Akauliza, "Na bonde la kijito?" Nikasema tumewaachia. Akakaa chini, pale pale kwenye vumbi, huku ngoma zinalia.

 Mama yako ndiye aliyeniambia sababu baadaye. Unajua Kukhu alizalisha wanawake wa kwetu wote. Wale waliozaliwa bila kulia yeye ndiye aliyewabeba, na huko ndiko alikowalaza, kila mmoja na jiwe lake, na mama zao huenda huko peke yao na hawatuambii. Mmoja wao ni kaka yako aliyekutangulia. Mimi baba yake nilirudi kutoka sokoni siku aliyozaliwa nikaambiwa amekwenda, na katika miaka yote sikuwahi kuuliza amelazwa wapi.

Nilikwenda kwa Kofia. Alinisikiliza vizuri, akasema ataitisha mazungumzo, akina mama waje waeleze pana nini. Wakakataa. Hawatalitaja jambo hilo mbele ya wanaume, na wakili akasema hiyo nayo ni haki yao, hawezi kuwasukuma. Kwa hiyo miche imepandwa, na bonde limefungwa hadi leo, kwa neno langu.

Mimi nilipewa jina la baba yake Kukhu, na tangu nilipozaliwa aliniita Papa. Hata nilipokuwa na ndevu, hata mbele ya wateja wangu, ilikuwa Papa, Papa umekula? Toka jioni ile ananiita Zakaria, jina lililo kwenye kipande changu cha utambulisho, kama karani anavyoita watu dirishani.

Baba yako